Thembo wa Ukurasa wa Tisini na Nne

Mwalimu Rwakaikara alileta mswada wake Jumanne,
umefungwa kamba ya katani, umelowa ukingo mmoja.
Riwaya ya majini na mapanga yanayoongea,
kurasa mia tatu na sita.
Kazi yangu, alisema, ni nukta na mkato.
"Hadithi usiiguse, Biira. Hadithi imekwisha."

Nikakaa nayo nyuma ya duka, hapa Kasese,
mashine ikikohoa, vumbi la barabara ya Kilembe
likitua juu ya kila sura.

Shujaa ana upanga, ana kovu lenye historia,
ana farasi mweupe aitwaye Nuruwingu.
Nyuma yao yuko Thembo, mbeba mizigo.
Thembo kabeba hema, sufuria, chumvi,
na kitabu cha unabii asichojua kukisoma
(kizito kama mbuzi, mwandishi mwenyewe kasema).
Wakavuka kinamasi cha moto.
Shujaa, juu ya farasi, kilimfika nyayoni.
Basi Thembo kilimfika wapi?
Hapo sikuweka mkato. Niliweka kalamu chini.

Ukurasa wa tisini na nne daraja linakatika.
"Shujaa akaruka. Farasi na mbeba mizigo wakatumbukia."
Ukurasa mzima unaofuata
ni wa kumlilia farasi.

Mwalimu ni mtu wa Hoima; jina alilipendea mlio.
Kwetu huku Thembo ni hesabu:
mtoto wa kiume wa tano.
Ukiandika Thembo umekwisha kumwandika
Mumbere, na Bwambale, na Masereka, na Kule,
wote wanne mlangoni wanauliza mdogo wao kalala wapi,
na mama yao ndani, anafunika chakula kwa sahani.
Huwezi kumtupa Thembo mtoni
ukadhani umetupa mtu mmoja.

Baba yangu mdogo alipandisha mizigo ya wageni Rwenzori
miaka kumi na saba. Viatu vya mpira, kwenye theluji.
Katika picha walizomtumia yeye ni bega,
ni nusu ya kofia.
Hakulalamika. Alituonyesha lile bega:
"Huyu mimi."

Nilimpigia Mwalimu simu.
Akacheka, wala si kwa ubaya.
"Biira, kila hadithi ina wapitaji.
Nikimlilia kila mmoja, shujaa atafika lini?"
Nikakosa jibu. Ana haki, kwa kiasi:
hata mimi nikisimulia mafuriko ya Nyamwamba
nasema "watu walikufa," kisha naendelea
na habari za godoro langu.

Lakini sura ile iliishia katikati ya ukurasa.
Chini palibaki weupe wa mistari kumi na mmoja.
Hadithi sikuigusa. Niligusa weupe:

        Thembo alishika mzizi.
        Alitoka mtoni usiku, hana mzigo,
        akashangaa mgongo wake ulivyo mwepesi.

Hivyo tu. Nikaweka nukta, maana ndiyo kazi yangu.

Nakala mia nne zimetoka. Mwalimu kazihesabu,
kalipa, kalalamikia rangi ya jalada.
Bado hajafika ukurasa wa tisini na sita,
au kafika, akadhani ni mkono wake.

Nakala moja nilimpelekea Baba Mdogo.
Kiswahili anakisoma kwa kujikongoja;
nikamfungulia pale pale, nikamwekea kidole.
Akasoma. Akarudia, midomo ikitembea.
Nilingoja atabasamu.
Akaniuliza:
"Na zile sufuria zilizozama,
walimkata nani mshahara?"